Tairi Hupiga Hodi

Gari lolote unalopanda limeshikana na barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima. Ni hivyo tu. Injini, muziki, michoro ya ubavuni, makanga anayening'inia mlangoni, abiria 14 na magunia yao ya viazi, vyote vimekaa juu ya viganja vinne. Dere akikata kona, si yeye anayeamua kama gari litakata. Yeye anaomba tu. Mpira ndio unaojibu.

Haya sikuyajulia barabarani. Sina leseni, na nikipanda matatu ya safari ndefu huwa nimelala kabla hatujapita Uthiru. Kazi yangu ni kurekebisha laptopu katikati ya jiji, na kwa vipuri vya hapa na pale nilijiundia kompyuta ya mezani. Halafu nikanunua usukani wa Logitech wa mtumba, ule wenye mota ndani unaokurudishia nguvu mkononi, nikaufunga kwenye meza ya chakula ya mathe. Meza hiyo anaidai mpaka leo.

Kuna gemu za mbio na kuna simyuleta. Wasee wengi wa mtaani wanazijua zile za kwanza. Unalipa, unapewa pedi, ukibonyeza kitufe gari linazungusha makalio kwenye kona, moshi unafuka, na kadiri unavyoteleza ndivyo pointi zinavyopanda. Sizidharau. Zilijengwa kufurahisha na zinafurahisha. Lakini tairi lake ni kama swichi: linashika au halishiki. Katikati halikuambii kitu, kwa hivyo na wewe unajifunza kuendesha kwa kelele. Mafuta hadi mwisho, breki hadi mwisho, usukani hadi mwisho.

Tairi la kweli si swichi. Ili likate kona ni lazima liteleze kidogo. Rimu inaelekea huku, mpira unaogusa lami unachelewa, unajipinda, na kupinda huko ndiko kunakozaa nguvu ya kulivuta gari upande. Ukiongeza pembe, nguvu inaongezeka. Kwa tairi la kawaida la barabarani, mahali fulani kati ya digrii 6 na 10 nguvu inafika kileleni, kisha inaanza kushuka. Na kabla haijashuka, usukani uliokuwa mzito unaanza kuwa mwepesi. Ni kitu kidogo sana. Mara ya kwanza hukioni kabisa. Baada ya wiki kadhaa vidole vinakijua kabla ya kichwa: tairi limepiga hodi. Linakuambia, bado niko, lakini sina nyingine ya kukupa.

Aliyelipa jambo hili mchoro wake maarufu ni Hans Pacejka, profesa wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, yeye na wahandisi wa Volvo walitoa mlinganyo unaochora mkunjo huo: unapanda, unafika kileleni, unateremka. Wahandisi wanauita Magic Formula, na uganga wake ni kwamba hauelezi chochote kinachotokea ndani ya mpira. Unafuata tu vipimo vilivyochukuliwa, na unavifuata vizuri mno. Simyuleta nyingi zimejengwa juu ya mlinganyo huo au ndugu zake.

Wengine hawakutosheka. Mwaka 1998 studio ya Papyrus ya Marekani ilitoa Grand Prix Legends, yenye magari ya Formula One ya msimu wa 1967: nguvu nyingi, tairi nyembamba kuliko za leo, na hakuna mabawa ya kuligandamiza gari chini. Waliozoea gemu rahisi walizunguka kama pia kwenye kona ya kwanza. Dave Kaemmer, mmoja wa waanzilishi wa Papyrus, ndiye baadaye aliyeanzisha iRacing na mwenzake, ikafunguliwa 2008, na huko akaendelea kuhangaika na swali lile lile: je, unaweza kuunda tairi kwa kuanzia kwenye mpira wenyewe, badala ya kufuata mkunjo uliopimwa? Mtu ametumia miaka mingi ya maisha yake kwa ajili ya viganja vinne ambavyo havipo. Ningelicheka, kama si kwamba najua alichokuwa akitafuta.

Mimi nilianzia Assetto Corsa, ya studio ya Kiitaliano ya Kunos Simulazioni, iliyotoka rasmi 2014. Kilichonishika hapo si magari ya kifahari. Ni kwamba tairi lina bajeti. Kushika kwake ni kama mshahara: ukiutumia wote kwa rent, hakuna wa chakula. Ukibana breki kwa nguvu zote, hakuna kilichobaki cha kukata kona. Geuza usukani utakavyo, gari litaenda moja kwa moja kama halijakusikia. Ukitaka kukata, lazima urudishe kidogo kutoka kwenye breki. Na ukilitesa tairi linakukumbuka. Ukiteleza sana linapata joto kupita kiasi, na hata ukitulia, mzunguko mzima unaofuata linakushikia shingo upande.

Sasa, kakangu ni dere. Anaendesha gari la abiria 14 kati ya Nairobi na Naivasha kwa barabara ya chini, ile inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu na kupita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano. Barabara nyembamba, malori yamejipanga, ukungu asubuhi, na mahali pengine dizeli iliyomwagika inang'aa kwenye lami kama upinde wa mvua.

Jumapili moja tulipita kibanda cha gemu pale mtaani, na watoto wa shule ya msingi wakamlima. Walimlima kabisa. Kila kona alikuwa wa mwisho. Mmoja akamwangalia kwa huruma akamwuliza, "Na wewe ndiye dere?"

Alicheka, lakini niliona imemwingia. Tulipofika nyumbani nikamwambia akae kwenye meza ya mathe. Nikamwekea Abarth 500, gari dogo lisilo na makuu, kwenye uwanja mfupi wa Magione, huko Italia. Sikumweleza kitu.

Mizunguko mitatu ya kwanza hakutoka nje ya lami hata mara moja. Kufikia wa kumi alikuwa nyuma ya muda wangu kwa sekunde mbili, na mimi nilikuwa na miezi minane kwenye kiti kile. Niliacha kuangalia skrini nikaangalia miguu yake. Alikuwa anakanyaga breki mapema na kwa nguvu, halafu anaiachilia polepole, kidogo kidogo, huku mikono ikigeuza. Ndivyo hasa inavyotakiwa. Ukiachilia breki ghafla, uzito uliokuwa umelalia tairi za mbele unaruka kurudi nyuma, na za mbele zinapoteza ule msukumo wa chini wakati zinauhitaji zaidi. Ukiachilia taratibu, uzito unabaki mbele mpaka gari limeshaanza kuingia kona. Kuna watu wanalipia kozi mtandaoni kufundishwa kitu hicho kimoja.

"Nani alikufunza kuachilia breki hivyo?"

"Abiria," akasema.

Nikadhani ananichezea.

"Ukiachilia breki mara moja, vichwa vyote vinaruka. Mama amebeba mtoto amelala, mtoto anaamka. Mwingine ana soda, imemwagika. Wakianza kusema 'dere pole pole', jua umeharibu. Lakini ukiona kwa kioo wote wamelala mpaka Mai Mahiu, hiyo siku umeendesha."

Nilinyamaza. Pacejka alikuwa na maabara na kakangu alikuwa na kioo cha ndani. Wote wawili walikuwa wakipima kitu kimoja.

Baada ya hapo alianza kuja kila Jumapili. Nilimwonyesha hata Safari Rally ya WRC 9, gemu ya studio ya Kylotonn ya Ufaransa iliyotoka Septemba 2020. Mwaka huo mashindano yenyewe yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya korona, kwa hivyo vijana wa dunia nzima waliikimbiza Safari kwenye skrini kabla haijarudi Naivasha 2021, baada ya kukosekana kwenye ubingwa wa dunia tangu 2002. Aliendesha dakika kumi, akasimamisha gari, akaliangalia vumbi. "Vumbi la Kedong si hivi," akasema. "Lile linakuwa kama maji. Linakumeza mpaka ekseli." Hakulisema kwa dharau. Alilisema kama mtu anayesahihisha ramani ya kijiji chao.

Ilikuwa Machi alipokuja bila kuwasha kompyuta. Alikaa tu. Mathe akamwekea chai, ikapoa.

"Tairi zimeisha," akaniambia mathe alipoingia jikoni. "Zote nne. Nimemwambia mdosi tangu Januari."

"Amesema nini?"

"Amesema tangu Januari sijateleza. Na ni kweli, sijateleza."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mabishano ya aina hii dere huyashindwa. Mdosi alikuwa sahihi, kwa Januari. Kwenye lami kavu tairi kipara linashika vizuri tu. Ndiyo maana magari ya mbio, kukiwa kukavu, hutumia tairi zisizo na mfereji hata mmoja. Mpira mwingi zaidi unagusa barabara. Mifereji haipo kwa ajili ya kushika. Ipo kwa ajili ya maji. Tairi likipita juu ya maji ni lazima liyasukume yatoke, na mifereji ndiyo njia ya kutokea. Ikiisha, maji hayana pa kwenda. Kwa mwendo wa kutosha yanaingia chini ya mpira, tairi linapanda juu yake, na kuanzia hapo huendeshi gari. Unaendesha mashua isiyo na kasia. Na lile onyo la usukani kuwa mwepesi, ukija kulisikia, tayari umeshaelea.

Kwa hivyo tairi kipara linakaa kimya kiangazi chote, mpaka anayelilipia anaamini ukimya huo ni uzima. Halafu mvua ya Aprili inanyesha.

Katika nchi hii watu zaidi ya 4,000 wanakufa barabarani kila mwaka, na kila ikitokea ajali tunasikia neno lile lile: dereva alishindwa kulidhibiti gari. Sentensi hiyo inaishia kwa dereva. Haiulizi nani alinunua tairi, lini, na baada ya kuombwa mara ngapi. Anayesikia hodi ni mmoja, anayelipa mlango ni mwingine, na aliyelala kiti cha nyuma na mtoto mapajani hajui kama mlango upo.

Wiki mbili baadaye mdosi alilegea nusu. Alitoa pesa za tairi mbili. Nyingine mbili mwisho wa mwezi, alisema, bila kusema ni mwezi gani.

Swali likawa: mbili hizo zifungwe wapi?

"Mbele," kakangu akasema, kama mtu anayejibu moja kujumlisha moja. "Mbele ndiko kuna usukani. Nikipoteza mbele nimepoteza gari. Na ikipasuka mbele je?"

Nikamwambia nyuma.

Akaniangalia kama wale watoto wa kibandani walivyomwangalia yeye. "Sis, hiyo ni tairi ya kompyuta."

Basi nikamwonyesha ya kompyuta. Kuna simyuleta ya Kijerumani inaitwa BeamNG.drive, ambamo gari zima limeundwa kwa maelfu ya viungo vinavyopinda na kuvunjika, na unaweza kufunga tairi za aina moja mbele na aina nyingine nyuma. Ina gari la mtindo wa matatu yake: bodi ndefu, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nikalipeleka kwenye ramani ya Italia, kwenye barabara ya mlimani inayoshuka kwa kona kali. Tairi nzuri mbele, duni nyuma, kama alivyotaka. Nikampa usukani.

Kona mbili za kwanza gari lilikuwa tamu. Mbele ilishika, ilikata kama kisu. Ya tatu aliingia kilomita 60 kwa saa, akaona imebana kuliko alivyodhani, akafanya ambacho kila binadamu hufanya: akaondoa mguu kwenye mafuta. Nyuma ikatoka. Gari likageuka upande, likageuka tena, likaingia bondeni kinyumenyume. Alirudia. Safari tano, na mara nne liliishia bondeni. Ile moja aliyolikamata jasho lilikuwa limemtoka.

Nikabadilisha: nzuri nyuma, duni mbele. Kona ile ile, mwendo ule ule. Mbele ikateleza, gari likakataa kukata, likaanza kwenda pana kuelekea ukingo. Akaondoa mguu. Gari likapungua mwendo, mbele ikashika tena, likakata. Baya, la kutisha, lakini lilikata. Mara tano kati ya tano.

Sababu si ngumu. Mbele ikiteleza, hofu yako inakusaidia: unaachia mafuta, uzito unakuja mbele, tairi zinashuka kwenye lami na kushika. Nyuma ikiteleza, hofu ile ile inakuua: unaachia mafuta, uzito unakimbilia mbele, na nyuma iliyokuwa inaponyoka inabaki nyepesi zaidi. Kampuni kubwa za tairi, Michelin ikiwemo, hushauri hivyo hivyo, tairi mpya ziende nyuma. Hoja yake ya kupasuka niliikubali nusu. Tairi lililoisha likipasuka ni balaa popote lilipo, na dawa yake ni kulitoa, si kulihamisha.

Kakangu alikaa kimya muda. Halafu akauliza, "Na hii gemu inajua mvua?"

"Mvua yake ni ya macho tu. Haiingii chini ya tairi."

"Na abiria?"

"Hakuna abiria."

"Basi haijui kitu." Lakini hakuinuka. Akashika usukani uliozimwa, akaugeuza kushoto, kulia. "Lakini mbele inapiga hodi," akasema. "Nyuma inaingia tu."

Yaliyofuata sikuyaona, alinisimulia. Fundi wa tairi, Naivasha, alishaanza kufungua gurudumu la mbele bila kuuliza. Kakangu akamwambia nyuma. Fundi akamwambia yeye amefunga tairi miaka mingi na mpya huenda mbele. Kakangu akasema nyuma. Mdosi akapigiwa simu.

"Nani amekudanganya hivyo?"

"Dadangu, mzee."

"Anaendesha gari gani?"

"Haendeshi, mzee. Anacheza gemu."

Anasema mdosi alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema wafunge wanavyotaka, bora gari lirudi barabarani kabla ya saa nane, maana hesabu ya siku haingojei. Ilifungwa nyuma.

Mvua ilianza wiki ya mwisho ya Machi. Zile mbili za mbele bado ni zile zile. Ninachojua kuhusu tairi hakiwezi kuziotesha mifereji, na simyuleta bora kuliko zote duniani haina kitufe cha kumfanya mtu atoe pesa. Kinachobaki ni mwendo. Kushuka ukingo kukiwa na maji, kakangu sasa anashuka kama amebeba mayai. Abiria wengine wananung'unika, dere wenzake wanampigia honi. Kwa mwendo huo anapoteza safari moja kwa siku, na hesabu ya mdosi haijapungua hata shilingi. Kwa hivyo usalama wa watu 14 unalipwa, ndiyo, lakini unalipwa kutoka mfukoni mwa mtu mmoja, na si yule mwenye gari. Nimewahi kumwambia aegeshe, akaniuliza kama naweza kumlipia karo ya mtoto muhula huu. Sikuwa na jibu, na bado sina.

Akifika Naivasha jioni hunipigia. Zamani nilikuwa namwuliza kama amefika salama, swali ambalo kama unaulizwa basi umeshalijibu. Sasa namwuliza mbele imesemaje. Jana mvua ilikuwa ya mawe kutoka juu mpaka chini.

"Imepiga hodi mara mbili," akasema.

Nikamwuliza ikipiga ya tatu.

"Nitaegesha. Nimeshamwambia makanga." Nyuma yake nilisikia abiria wakishuka, mtu akidai chenji. "Mdosi bado hajajua."